Pakiti ya Mbele

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na ile dawa ya kuchua haijakuishia. Huku sisi wazima. Mkweo anakusalimu, na wajukuu zako wanagombana hapa kando yangu, maana yake nao ni wazima. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika popote, na ana kwa ana ukinikazia yale macho yako maneno yote yananipotea.

Mama, nimechoka! Unakumbuka waliponikabidhi friji ya maziwa pale supamaketi nilivyoringa, utadhani nimepewa uwaziri. Kumbe nimepewa balaa. Kazi yenyewe si ngumu kueleza: pakiti ambazo tarehe yake imekaribia unaziweka mbele, mpya unazisukuma nyuma, ili za mbele zinunuliwe kwanza zisije zikaharibika. Basi wateja sasa! Mtu maziwa anakwenda kuyanywa jioni hii hii, lakini ataingiza mkono mpaka kwapani kutafuta ya nyuma kabisa, kama anamzalisha ng'ombe. Zangu za mbele zinabaki pale pale mpaka tarehe inapita, halafu ni mimi huyo huyo ninayezibeba kwenda kuzimwaga. Maziwa yaliyokuwa mazima jana yake tu, Mama, hayana ila yoyote.

Wote wanapekua, ila yuko mmoja amezidi. Wenzangu wamembandika jina, Bibi Pekuapekua. Huja siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo mimi nilikuwa namsikia tu. Walinisimulia kwamba anazitoa za mbele zote anaziweka sakafuni, anajaza kikapu za nyuma, kisha huyo, kaenda zake. Zile za sakafuni zinapigwa na joto mpaka zinachacha. Nilimlaani, Mungu anisamehe. Nilisema bibi huyo hana mtoto aliyeajiriwa popote, maana angekuwa naye angejua uchungu.

Meneja naye hataki kusikia habari za mikono ya wateja. Alinieleza wazi kuwa hasara ya friji ni yangu, na mwezi ujao ikiwa hivi hivi nitafute kazi kwingine. Juzi akaniita ofisini kunionyesha picha za kamera. Nikamwona Bibi Pekuapekua ameinama, anainua pakiti moja moja mpaka kwenye miwani iliyofungwa uzi mwekundu, midomo inacheza akisoma tarehe.

Uzi ule niliufunga mimi, Mama.

Meneja akaniuliza kama namjua. Nikasema simjui. Wewe uliyenizaa, nikasema simjui! Akasema vyema, basi akija tena mlinzi atamzuia mlangoni, na watu wote waone. Kufika nyumbani nikafungua friji yetu, imejaa pakiti ulizoniletea, zile zile za nyuma, na nyingine zimeshachacha kwa sababu hapa hatuna ndama. Huwa namwaga, Mama. Kila wiki namwaga, naogopa kukwambia usilete. Tangu tukiwa wadogo ulitufundisha kwamba ya mbele huachiwa wajinga, na najua unanichagulia yaliyo bora kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayo yananifukuzisha kazi!

Leo asubuhi, mbele ya hao hao waliokupa jina, nimemwambia meneja kwamba yule ni mama yangu. Mmoja wao akajifanya anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Meneja amesema mlinzi hatakugusa, ila pakiti moja tu ikionekana sakafuni tena, tutatoka wote wawili, mimi na wewe.

Wasalimie wadogo zangu, uwaambie wapige simu hata wakiwa hawana shida. Nawe usiache kulichua goti. Wiki hii nimebadilishana zamu na mwenzangu, kwa hiyo siku unayokuja utanikuta kazini. Usinune, Mama, njoo. Ingia kwa mlango mkubwa, ununue pakiti moja tu, na uchukue ya mbele. Nimeipanga mimi.

Ni mimi binti yako,
ninayekujua.