Kuchuchumaa kwa Mtu Mwenye Bawasiri

Kalundu, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Miezi mitano imepita tangu niteremke milimani.

Mpendwa Mama Neema,

Kwenye simu nakuambia niko mzima kwa sababu naongea mbele ya wenzangu. Hapa niko peke yangu na kalamu, basi nisikufiche: nina bawasiri. Nikienda chooni natokwa na damu, na tumbo linavimba kwa gesi kama ngoma. Kazi yetu bandarini ni kushusha magunia ya mahindi kutoka kwenye maboti. Chakula ni ugali wa muhogo na visamaki vya ndagala kavu, maji nayakumbuka jioni.

Bahati, mwenzangu wa chumba, alinionyesha video kwenye simu yake. Mwanamke amelala chali, anavuta magoti mpaka kifuani, anapumua polepole. Kisha anachuchumaa, viwiko ndani ya magoti, viganja vimekutana. Anaeleza kwa Kifaransa. Mimi nakamata neno moja moja tu. Bahati anasema hiyo ni yoga, dawa ya tumbo.

Nilipoona kule kuchuchumaa, nilikuona weye. Unakumbuka mimba ya Amani, ulipofunga choo mpaka ukalia? Mama mkunga alikuambia uchuchumae hivyo hivyo kila asubuhi. Nami nikachuchumaa mbele yako, nikakushika mikono usianguke, tumbo lako likinigusa magoti. Ulisema, "Baba Neema, tukikutwa hivi watasema tumerogwa." Tukacheka mpaka ukajamba, ukanisingizia mimi. Yule mama mkunga alikuwa mwimbaji wa kanisa. Hakusema ni yoga.

Sasa shemasi tunayepanga naye nyumba moja amenikuta kwenye mkeka. "Weye, unaabudu nani hapo?" Nikamjibu ninatoa gesi. "Gesi nayo iko na mungu wake?" Tangu siku hiyo wachukuzi wananiita Chura. "Chura, ruka, boti imefika!"

Sijui nimsikilize nani. Nikivuta magoti, gesi inatoka na tumbo linalegea, kweli. Lakini damu haijaisha. Muuguzi wa zahanati aliniambia, "Papa, mazoezi si mabaya, ila usikae sana umechuchumaa. Kunywa maji, kula mboga. Na hiyo damu lazima daktari aione. Si kila damu ni bawasiri." Neno hilo la mwisho linaninyima usingizi. Akaongeza kwamba nikinyanyua gunia huku nimefunga pumzi, nazidisha ugonjwa. Nani ananyanyua gunia akipumua? Nilipojaribu, Bahati aliniuliza kama nataka kuzimia.

Siku nyingine namwomba Mungu anisamehe yoga, nikisema amina navuta magoti tena. Hata sijui ninaomba msamaha wa nini. Ningekuwa karibu nawe, ungeniambia ni dhambi au ni upuuzi, nami ningekubali.

Boti iliyopo itakwisha kupakuliwa Alhamisi. Ijumaa nitapanda gari la kuja huko nyumbani Lemera, jioni unitazamie njiani. Jumatatu tutaenda hospitali pamoja, na uingie nami mpaka ndani, hata wakikuzuia mlangoni. Nikiwa peke yangu, daktari akiniuliza ninaumwa wapi, nitamwonyesha bega.

Mume wako,
Baba Neema