Garimoshi la Papa Kabwe na Mrithi Wake

Papa,

Nakuita hivyo leo kwa sababu kesho neno hili nitampa mtu mwingine. Kesho, watu wakitoka kanisani, nitapiga magoti kwenye mkeka nyumbani kwa dada yako, Shangazi Mwape, nitashika mikono ya mtoto wake Chola, na nitamwita Papa mbele ya ukoo wako wote. Chola, niliyembeba mgongoni siku tulipovuka ziwa kutoka Kongo. Chola aliyekuwa akilia akiona panzi. Wanasema sasa yeye ndiye wewe na mimi ndiye mtoto wake, na nimeshakula chakula chao nikiwa nimenyamaza vya kutosha, acha leo niseme na wewe.

Najua utaniambia ni desturi. Sikatai. Mtu akifa, jina lake haliachwi lizurure, anatafutwa mtoto wa dada yake wa kulirithi. Anakalishwa kwenye mkeka, anafungwa ushanga mweupe mkononi, anakunywa maji, akiinuka ni marehemu aliyerudi. Wazee wanamwita kwa jina hilo, na watoto wa marehemu wanamwita baba hata kama wamemzidi umri. Sisi watoto ni wa ukoo wa mama yetu, hatuna sauti pale. Yote hayo ulinieleza wewe mwenyewe nikiwa nasugua magurudumu kwa ndimu na majivu, na wala sikuchukia. Jina lako lilikuwa la Chola tangu azaliwe.

Lakini garimoshi, Papa?

Uliponiambia kwamba ni langu, ulikuwa umeinama juu ya meza, nyundo ndogo mkononi, mlango wa karakana umefungwa kwa sababu ya upepo. "Hii iko yako, Musonda. Chola hajue hata kushika tournevis." Bisibisi kwako ilikuwa tournevis siku zote. Nikakuomba umwambie Shangazi. Ukasema, "Banajua." Nikakuomba tena ulipoanza kukohoa, na tena ulipokuwa umelala kliniki na kifua kinalia, ukanijibu lile lile. Banajua. Nani alijua? Ulijua wewe na mimi na ile nyundo. Neno lisilosemwa mbele ya watu kwetu si neno, na hilo ulilijua kuliko mimi. Wewe uliyekuwa huwezi kufunga skrubu bila kuifungua tena uone kama imekaa vizuri, umeliacha jambo moja la maisha yangu likining'inia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami ndiye niliyebaki kuusikia.

Nimekasirika na wewe. Wanasema usimkasirikie mtu aliye chini ya udongo. Nimejaribu, imenishinda.

Nakumbuka kila kitu cha lile garimoshi, hata nisivyotaka. Ulilitengeneza ukiwa kijana katika karakana ya reli kule Katanga, kama mtihani wa kumaliza ufundi: mfano wa yale makubwa yaliyokuwa yakivuta mabehewa ya madini, lote shaba ya njano, urefu wake mkono mmoja, na mvuke wa kweli ndani yake. Vita vilipokuja watu walibeba magodoro na masufuria. Wewe ulibeba hilo, limefungwa katika kitenge cha Mama. Mtumbwi ukaingiza maji, garimoshi likalala kwenye maji na mchanga mpaka ng'ambo, tukafika huku Nchelenge likiwa limeziba kila tundu na bomba la moshi limevunjika. Mama alikucheka, akiwa bado yupo. Alisema umeokoa mzoga.

Tukaufufua mzoga huo, mimi na wewe. Mchana ulitengeneza baiskeli za wachuuzi wa samaki wa Kabuta, na majiko, na injini za boti, ndiyo tuliyokula. Jioni tulifungua shaba. Shaba ya kutengenezea vipande vipya tuliitoa kwenye mabomba mabovu ya maji na kufuli zilizokufa. Maganda ya risasi yalikuwa mengi wakati ule, watu walikuletea kwa mifuko, na ni shaba nzuri, nyororo. Ulikataa hata moja. Ulisema garimoshi lako halitavuta vita. Nilikuwa mdogo, sikuelewa, nilidhani unaringa tu.

Ulinifundisha kutumbukiza boila, tangi la mvuke, katika beseni na kupuliza kwa mdomo tuone povu linatokea wapi. Ulinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye pistoni na mpini kwenye sikio. Kisha habari zikaenea, wastaafu wa reli wakaanza kutuma mifano yao iliyovunjika, na padri mmoja akaleta wa kwake ndani ya sanduku la sabuni, na wewe ukanipa nilehemu mwenyewe, ukasimama nyuma yangu. Ulikuwa ukipumua kwa pua. Nikikosea, pumzi ilisimama. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kusikiliza pua yako.

Na Jumapili ulilitoa letu nje, ukaliweka juu ya reli zake kwenye ile meza ndefu karibu na soko la Kashikishi. Uliwasha spiriti chini ya boila, watu wakakusanyika, likaanza kuhema, likaondoka. Wanawake wa kuanika chisense waliacha samaki wao wadogo juani waje kuangalia. Kila mara alikuwepo mmoja wa kuuliza linabeba nini, na kila mara ulimjibu kwa adabu, "Inajibeba yenyewe, mukwai."

Sasa sikiliza walichofanya.

Siku ya kumkalisha Chola mkekani, alipokwisha kufungwa ushanga na kunywa maji, vijana walianza kumpigia kelele awashe garimoshi ili waone kweli kama Papa Kabwe amerudi. Walimsifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hata maji hakutia. Nakuambia hakutia, Papa. Alichukua chupa ya spiriti, akaiweka taa chini ya boila, akawasha, akasimama na mikono kiunoni kama ulivyokuwa ukisimama wewe.

Nimefikiri sana kwa nini, na nimeona. Watu wote wa Kashikishi walikuona ukiwasha moto. Hakuna aliyewahi kukuona ukijaza maji. Maji uliyatia ndani ya karakana, mlango umefungwa, kwa sababu hukupenda mtu akugonge kiwiko wakati unapima. "Mayi kwanza, moto nyuma," uliniambia mimi tu. Kwa macho ya Chola, tangu utoto wake, lile garimoshi lilikuwa linakwenda kwa moto mtupu. Siwezi hata kumwita mjinga. Alikuiga vizuri kabisa, aliiga ulichomwonyesha.

Mimi nilikuwa nimekaa ukutani na watoto wenzangu wa marehemu, kitambaa kichwani, tumekatazwa kusema mpaka mkeka ukunjwe. Nilisema. Nilisema maji, halina maji, kwa sauti ya watu kusikia. Shangazi aligeuka akaniangalia, akasema, "Mutoto hawezi kufundisha baba yake."

Basi nikakaa nikaangalia. Kwanza ilikuja harufu ya rangi. Kisha shaba ikageuka nyeusi tumboni. Kisha lehemu yako, ile ya ujana wako, uliyoniambia nisiiguse kamwe kwa kuwa ni mkono wako wa zamani, ikaanza kudondoka juu ya reli kwa matone. Filimbi ilianguka. Vali ikaanguka. Boila ikafunguka ubavuni, na bado hawakuelewa, Papa, waliona moshi wakadhani ndio mvuke. Walipiga makofi.

Nilikulilia siku ile kuliko siku ya kukuzika. Siku ya kukuzika nilikuwa na kazi ya kupika.

Baada ya hapo Chola alikaa na garimoshi nyumbani kwake, pamoja na vyombo vyako vyote: jiliwa la kubania vyuma, misumeno midogo, ile taa ya kulehemea. Kisha mtu wa Lusaka anayekusanya vitu hivi akasikia habari, akapiga simu kwamba analitaka, ila liwe linatembea. Ndipo Chola akakumbuka kwamba ana mtoto. Alikuja kwenye kibanda changu sokoni, ninapotengeneza majiko, akaliweka mbele yangu likiwa ndani ya gunia la mahindi, watu wamejaa. Hakuniita dada kama zamani. Alisema, "Mutoto, tengeneza hii. Bon, upesi, kuna client."

Ulimi wangu unaujua. Nilimjibu, "Kama weye ndjo Papa, tengeneza mwenyewe. Papa yangu alikuwa anajua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Uso wake ukawa wa yule mtoto wa panzi, nikaona amesikia aibu ya kweli, na nitakuambia wewe tu kwamba nilifurahi. Alichukua gunia lake akaondoka.

Lakini maneno yale kwetu si mzaha. Shangazi alikuja kabla jua halijatua, na wazee wawili. Alisema, "Umetukana mufu." Nikasema sikumtukana marehemu, nimemtukana Chola. Akasema hakuna Chola, Chola alibaki mkekani, aliyekuja kwako sokoni ni ndugu yangu Kabwe. Na wewe umemwambia ndugu yangu kwamba si baba yako. Basi tukuitikie, si baba yako. Siku ya kuweka msalaba wa saruji kaburini usije. Vyombo tutauza Mwansabombwe, garimoshi tutauza kama vyuma.

Alikuwa analia aliposema hivyo. Sikutaka kuona, ila nimeona. Amekukosa na yeye. Anapomwangalia Chola na ule ushanga, nadhani kweli anakuona wewe, na mimi ninayekuona kila nikishika bisibisi sina ushanga wowote wa kumwonyesha.

Nilikaa na jambo hilo. Niliwaza kuacha vyote, nibaki na majiko yangu. Kisha nikalifikiria garimoshi likipimwa kwenye mizani ya mnunua vyuma, pamoja na masufuria mabovu, nikatuma mtu kwa Shangazi. Nikasema nitapiga magoti. Nitamwita. Ila garimoshi na vyombo vije kwenye meza yangu ili nilitengeneze, na visiondoke mpaka nitakapotamka mwenyewe, mbele ya watu, kwamba liko tayari. Wazee walikubali upesi, waliona nimeshindwa. Chola alikubali kwa sababu ya mtu wake wa Lusaka. Na safari hii, Papa, yamesemwa mbele ya mashahidi, kanisa zima litasikia. Nimejifunza kwa mtu aliyenyamaza.

Kwa hiyo kesho magoti yangu yatakuwa chini na mdomo wangu utasema Papa, na nitakuwa nasema kweli kwa desturi na uongo kwa moyo wangu. Usinisikilize. Ukisikia jina lako, geukia upande mwingine.

Binti yangu ana mikono mizuri. Nitamfundisha na mlango wazi, wakati wa soko, ajaze maji watu wakiangalia. Na vyombo vyangu mwenyewe nitavitaja mbele ya ndugu ningali na nguvu ya kusimama, nisije nikamwachia neno la kunong'ona kama uliloniachia.

Nimekusamehe? Bado. Labda nikizeeka. Lakini kaburi lako nitalipalilia, na siku ya msalaba nitakuwepo, wapende wasipende. Lala salama, fundi wangu, mtu mwenye pua ya kelele. Nakuaga kwa jina lako kwa mara ya mwisho kabla halijawa la kuazima.

Na ahadi yangu kwako ni hii. Unawajua mafundi wa Kashikishi, cherehani, redio, viatu, kila kitu ni "njoo kesho". Wewe ulikuwa unawacheka. Mimi nitakuwa kama wao. Nitaifungua boila, nitainyoosha shaba, nitalehemu kwa fedha mahali ulipolehemu kwa bati, kazi safi ambayo hutaionea aibu. Chola akija nitampisha kiti, nitamwita Papa, nitamwambia bado kidogo. Akija tena nitamwambia nasubiri vali. Mtu wa Lusaka akipiga simu nitamwambia mvua imenichelewesha. Nitafunga skrubu hii na kufungua ile, mbele yake, kwa heshima zote za mtoto kwa baba, mpaka nywele zake zote ziwe nyeupe.

Kwaheri, Papa. Halitakuwa tayari.

Musonda