Kiwanja Nilichompa Mtani Wangu

Jumapili. Mvua imepiga tangu alfajiri mpaka saa nne, halafu jua likatoka kama halikuhusika. Viatu vyangu viko mlangoni na matope yake, sijavisugua. Sina hamu navyo.

Ninayeandika ni mimi mwenyewe, kwa kidole hiki kimoja. Binti yangu Agnes alinifungulia ukurasa huu akidhani nitaandika siku mbili nichoke. Sijachoka. Shule niliacha darasa la pili, lakini watu waliomaliza wananisoma, tena wananisifu kule chini kwenye maoni. Basi leo wasome na hili, ila wasicheke.

Hilo la kucheka nitalieleza.

Leo tumemkumbuka Mzee Gaspari, mwenye mashine za mpunga, mwaka mmoja tangu tumzike. Kwanza misa, kisha tukaandamana mpaka zahanati aliyoijenga hapa kitongojini kwetu, kufungua kibao. Diwani alikuja. Kwaya ilikuja na sare mpya. Maturubai yalijaa mpaka watu wakasimama juani.

Mimi nilikwenda kama mtani. Ni Mngoni, yeye alikuwa Mndamba. Babu zetu walipigana katika bonde hili, sisi tukarithi kazi ya kutukanana kwa upendo. Mimi nilimwita mateka wangu. Yeye aliniita mwizi wa ng'ombe. Mkewe, Mama Benno, nilimwita mke wangu mbele ya padri, na padri alicheka. Kwenye mazishi ni mimi niliyeshuka kaburini nikalala chali, nikasema mateka wangu hazikwi bila ruhusa yangu, mpaka wakamkomboa kwa jogoo. Watani walikuja wengi siku ile, wengine kutoka Kidatu, wengine kutoka Uchindile huko mbali. Lakini aliyewavunja mbavu waombolezaji ni mimi. Hilo halina mpinzani.

Nimpe marehemu haki yake kwanza.

Gaspari alianza na pumba. Alikuwa anaomba pumba kwenye mashine za watu, anafunga magunia kwenye baiskeli, anawapelekea wafuga nguruwe. Nilimwita Bwana Pumba hata alipokuwa na mashine zake na Fuso lake. Maji yalipoingia majumbani mwetu alifungua ghala, akasema kila kaya ichukue debe la mchele na asiandikwe mtu jina. Fuso lile limebeba madawati ya shule, limebeba wagonjwa, limebeba majeneza ya watu wasio na ndugu. Na dereva wake alikuwa na amri: mjamzito barabarani hapitwi.

Amri hiyo nilimwomba mimi.

Kwa sababu mama Agnes alifia kwenye baiskeli yangu. Uchungu ulimshika shambani, masika, hakuna gari linalopita. Nikampandisha kwenye kerieri, nikamfunga kwa khanga kiunoni kwangu asianguke, nikakanyaga pedeli kwenye lile tope jeusi linalonata. Bonde zima hili hapakuwa na mwanaume mwenye nguvu kama mimi. Njiani kichwa chake kilinilalia mgongoni. Nikafurahi. Nikasema afadhali, amepata usingizi.

Sijawahi kumwambia mtu hilo la kufurahi.

Miaka ikapita. Gaspari akaniambia anataka kujenga zahanati lakini hana kiwanja kando ya barabara. Mimi nilikuwa nacho, nilikifyeka mwenyewe kwa panga langu. Nikamwambia, "Chukua, mateka. Mfungwa naye anahitaji pa kulala."

Akasema, "Mngoni ametoa kitu! Leo mto utapanda mlima."

Tulicheka sana. Tulipomaliza nikampa sharti moja tu: zahanati iitwe kwa jina la mama Agnes, tena liandikwe pale mlangoni. Akaacha kucheka. Akaniambia, "Hilo limekwisha, mtani."

Karatasi tuliandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye naye sasa ni marehemu. Gaspari alinisomea kwa sauti, na jina la mke wangu nililisikia kwa masikio haya. Kisha akanipa karatasi nisome mwenyewe.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa leo ni siku ya ukweli usioaminiwa. Wakati ule sikujua kusoma. Jina langu nililijua, na namba, basi. Lakini mwenyekiti alikuwa ananitazama. Nikaishika karatasi, nikachezesha midomo, nikapitisha macho kwa muda unaomtosha msomaji, nikasema, "Sawasawa kabisa." Nikatia sahihi kubwa kuliko ya Gaspari.

Kusoma nilijifunza baadaye, nikiwa na mvi, bila mwalimu, kwa magazeti ya kufungia maandazi na vibao vya maduka. Nani mwingine ameweza hapa? Hakuna.

Zahanati ikajengwa. Watu wakaiita ya Gaspari. Wazee waliojua kiwanja ni cha nani walikuwa wanapungua, na waliobaki walidhani niliuza. Nikimuuliza Gaspari habari ya kibao ananijibu, "Kinakuja, mtani. Fundi wake ni Mngoni, anamalizia pombe kwanza." Nikacheka. Masika yakaja, yakapita, nikauliza tena, nikacheka tena.

Leo mwanawe mkubwa, Benno, alisoma wasifu wa baba yake. Anasoma vizuri, kama mtu wa redioni. Akafika mahali akasema, "Akatoa kiwanja chake mwenyewe kwa ajili ya wananchi." Diwani akavuta pazia. Marumaru nyeupe, jina la Gaspari, hakuna jina jingine.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Kiwanja hiki ni changu! Nilikitoa mimi, kwa jina la mke wangu. Gaspari amenidhulumu!"

Maturubai yote yakaripuka kwa kicheko.

"Mngoni kaanza!"

"Mpeni chake huyo, hakai mpaka apewe!"

Mshereheshaji akashika kipaza sauti, "Jamani, mtani anadai kiwanja. Nani anamkomboa marehemu?"

Nikasema sitanii. Wakazidi, maana hivyo ndivyo mtani anavyosema siku zote. Nikaapa. Wakapiga vigelegele. Basi machozi yakanitoka, mimi, mzee mzima, na mama mmoja nyuma yangu akamgonga mwenzake begani, "Tazama machozi! Huyu babu hana mfano!" Mama Benno alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Mume wangu, kiwanja unataka, na mimi je?"

Wakaniletea jogoo amefungwa miguu. Nikampokea. Mikono ilimpokea yenyewe, imezoea.

Maisha yangu yote nimewachekesha watu hawa. Siku moja tu nimewaomba wanisikie.

Walipokwenda kula pilau niliingia ndani ya zahanati. Ukutani, juu ya benchi la wagonjwa, familia imetundika kumbukumbu za marehemu. Picha yake na baiskeli. Picha yake na Fuso. Na kwenye fremu ya kioo, ile karatasi yetu.

Nikaisoma. Nikaweka kidole chini ya kila neno, jogoo kwapani. Imeandikwa kwamba mimi kwa hiari yangu nimempa ndugu Gaspari kiwanja changu kiwe mali yake. Mistari mitano. Nimeisoma mara tatu. Jina la mama Agnes halimo. Halikuwahi kuwemo. Chini kabisa iko sahihi yangu, kubwa, inajivuna.

Maana yake nini? Maana yake Gaspari alinisomea kitu ambacho hakikuandikwa. Aliangalia karatasi, akaniangalia, akatamka jina la marehemu mke wangu kwa mdomo wake, akijua.

Na alijua kwamba sisomi. Nimekaa hapa tangu mchana nahesabu utani wake. Alinitania matege yangu, alinitania pombe, alinitania kofia hii na babu zangu wote. Kusoma hakunitania hata siku moja. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba siri yangu hajaigundua.

Alitaka sifa? Alikuwa nazo tele, debe la mchele lilimtosha. Au ulidhani natania, Gaspari? Nilipokutajia mke wangu, ulidhani huo nao ni utani wetu? Kaburini kwako nililala mimi. Udongo wa baridi ule niliupasha moto kwa mgongo wangu kabla hujalala wewe.

Wala siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Nimejaribu tangu saa nane, nashindwa. Watoto wangapi wamezaliwa salama pale? Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nikimtukana natukana na zahanati.

Jogoo yuko hapa, nimemfunga kwenye mguu wa meza. Ni jogoo mzuri, mwekundu. Siku nyingine ningekuwa nimeshachinja, na supu nimeshaisifu.

Sitamchinja. Kesho namrudisha. Watu wa hapa wanajua maana yake: mtani akirudisha alichopewa kumkomboa marehemu, hana tena utani na nyumba ile. Hatanitania mtu pale. Na mimi sitakuwa na wa kumtania.

Nimeandika jina la mke wangu kwenye karatasi, mara nne, mpaka herufi zikakaa. Theodosia. Lina herufi nyingi kuliko langu, sikuwa najua.

Asubuhi nitasugua viatu. Nitapiga hodi kwa Mama Benno na nisubiri nje mpaka nikaribishwe, kama mtu asiyeijua nyumba. Nitamwita Mama Benno. Sitamwita mke wangu. Nitamkabidhi jogoo kwanza, nimtazame usoni mpaka aache kucheka, ndipo nimpe karatasi hii yenye jina.