Chumba cha Mama, Tokyo

Papa yangu,

Nakuandikia juu ya meza yako ya kukatia vitambaa. Duka lako la ushonaji kule Rosettenville tulimwachia fundi mwenzako, lakini meza Mama alikataa iondoke.

Kazini wananituma Tokyo, kwenye mkutano wa wauguzi, na Mama anakwenda nami. Nilipopata habari nilikuwaza wewe kwanza. Unamkumbuka yule mama Mjapani aliyekuletea kimono, lile vazi lao refu, umshonee upya mkono? Alikusimulia nyumba za wageni za kwao za zamani: unavua viatu mlangoni, sakafu ni mikeka mitupu, na ukishakula wanakuja kukutandikia godoro chini. Tangu siku ile ukawa unasema, "Kabla sijafa nitalala kwa hao watu." Hukulala, Papa. Moyo wako haukungoja.

Basi nikatafuta wiki mbili nzima. Tokyo ni jiji kubwa, na nyumba hizo ni nyingi kuliko nilivyodhani. Moja iko karibu na stesheni, lakini ni ghorofa tupu, haina tofauti na hoteli. Nyingine bafu lake ni la pamoja, wanawake wote uchi. Eish, Mama yupi angekubali hilo? Mwishowe nikapata moja ya mbao, vyumba sita, ndani ya kichochoro kimya, ngazi zake zimesimama wima. Nikasema ndiyo hii. Papa angechagua hii.

Nikamwonyesha Mama picha kwenye simu. Alizitazama sana. Kisha akauliza, "Kitanda kiko wapi?"

Nikamwambia hakuna, ndiyo desturi yao.

"Mwanangu, kule Joubert Park tulikoanzia maisha nililala chini miaka minne, watu tisa chumba kimoja. Papa yako akisikia mikeka anaona uzuri. Mimi naona sakafu."

Hata magoti yake mabovu nilikuwa nimeyasahau. Nilikuwa namchagulia marehemu, na msafiri mwenyewe amekaa mbele yangu anakunywa chai. Nililia. Naye akaniacha nilie.

Asubuhi yake aliniita. "Usiku mmoja nitalala chini, kwa ajili yake. Siku zilizobaki unipe kitanda."

Tukakaa bega kwa bega, tukaanza upya: hoteli yenye kitanda kwa siku zilizobaki, na nyumba ya mikeka kwa ule usiku mmoja. Tukapata nyumba ndogo yenye chumba cha chini, haina ngazi, na bafu ni la kujifungia, kila familia kwa zamu yake. Nikawaandikia: je, mnaweza kumtandikia mama mwenye magoti mabovu magodoro mawili, moja juu ya jingine? Wakajibu kwamba hata matatu yanawezekana. Mama alicheka, Papa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia hivyo tangu tukuzike.

Tunaondoka Jumamosi. Pumzika, Papa. Nitaendelea kukupenda, lakini nakuahidi hili: kabla sijafanya lolote kwa jina lako, nitamuuliza Mama kwanza.

Binti yako,
Furaha