Swichi ya Chini, Njia ya Karibu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoboa tena. Matundu mawili mbele ya meza ya treni yangu ndogo ya umeme, mawili nyuma. Ubao wa swichi sasa unashikwa na boliti mbili, nati zinakazwa kwa vidole, plagi moja inachomoka. Unafungwa upande wowote. Lazima utoke kabla ya safari: wiki iliyopita pikipiki iliyoibeba meza iliruka shimo pale Majengo, ubao ukang'oka na nyaya zake.

Wanafunzi wangu wa fizikia wameshaifaidi hii reli ya meza. Sasa zamu ya baba. Miaka thelathini alibadilisha njia za treni stesheni. Tangu kiharusi, hashiki hata kijiko kwa mkono wa kulia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeileta nyumbani. Chumba cha baba ni kidogo, meza imeingia kwa namna moja tu: yeye anaketi upande wa nyuma. Nikafungua nati, nikahamishia ubao kwake. Dakika mbili. Nilijisifu.

Jumamosi, 8 Machi

Vibaya. Mzee Salumu, mwenzake wa stesheni, alikuja kumjulia hali. Baba akataka kumwonyesha. Njia ya karibu tupu, ya mbali ina mabehewa. Akabonyeza swichi ya chini, ya njia ya karibu, polepole, sawasawa. Treni ikaingia njia ya mbali, ikayagonga mabehewa. Mawili yakaanguka sakafuni.

"Bwana we! Hapo tungefukuzwa kazi wote wawili!" Mzee Salumu alicheka mpaka akakohoa.

Baba alirudia. Swichi ile ile, ajali ile ile. Akauondoa mkono kwenye ubao kama umemuunguza.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekagua kila waya. Kosa ni langu. Mchoro niliuchora nikiwa mbele: swichi ya chini, njia ya karibu. Ukihamia nyuma, ya karibu imekuwa ya mbali. Nilihamisha ubao, sikubadilisha nyaya. Mwalimu mzima wa fizikia.

Nilimweleza baba. "Unanibembeleza, mama," akasema. Huniita mama, nimerithi jina la mamaye.

Mama yangu mzazi naye: "Mwache, Neema. Kichwa kimechoka."

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilisha nafasi za nyaya mbili. Treni inatii. Nikamwonyesha.

"Umeitengeneza imfae mgonjwa."

Nililia jikoni. Akishaamini kuwa akili imekwisha, ataacha kuitumia. Hilo naliogopa kuliko kifo.

Jumatano, 12 Machi

Ameniita mwenyewe. "Irudishe kama ilivyokuwa Jumamosi."

Nikarudisha nyaya.

"Vua ubao."

Nikafungua nati, nikamwekea ubao mapajani, nikasimamisha meza kwa ubavu. Kidole chake cha kushoto kikafuata waya mwekundu kutoka swichi ya chini hadi kwenye plagi, kisha mwekundu mwenzake chini ya meza. Kilipotea mara mbili. Mara mbili akaanza upya. Niliuma mdomo, sikumsaidia.

Waya ukaishia kwenye mota ya njia ya mbali. Akaigonga kwa ukucha.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi, baba."

"Ungeua watu."

"Ndiyo, baba."

Alinitazama muda mrefu, kwa hasira kabisa, kama zamani. Kuendesha hakutaka tena. Akaomba uji, akanywa nusu kikombe, akalala.