Chumba cha Cherehani Hakihami

Jumatatu, 21 Aprili

Kikao cha walimu. Mkuu mpya, Bwana Tsao, alisimama akitabasamu kama mtu anayegawa zawadi. Chumba changu cha cherehani kitakuwa chumba cha kimya, kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaojiandaa na mtihani wa chuo kikuu. Kiko chini, kina madirisha makubwa, kina viyoyozi. Watoto wangu wahamie stoo nyuma ya jiko, pale darasa la mapishi linapoweka unga. Soketi moja! Cherehani za umeme za darasa zima, soketi moja.

Nikasema hapana. Kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai zaidi. Walimu wote wakatazama vikombe vyao. Yen wa hisabati peke yake alikohoa — sijui kikohozi kile kilikuwa cha upande gani.

Mkuu akasema tutazungumza faragha. Tuzungumze. Jibu ni lile lile.

Jumanne, 22 Aprili

Watoto walishajua kabla sijawaambia. Katika mji huu ukipiga chafya sokoni, hekaluni wanakuombea afya.

Wa juu walipita dirishani wakiuliza kama cherehani zinajua kuhama zenyewe. Wa juu ni hao wa chuo kikuu, madarasa yao yako ghorofa ya tatu. Sisi wa ufundi ni wa chini. Nimefundisha hapa tangu nikiwa na nywele nyeusi na majina hayo nimeyakuta. Hung-ju, mvulana pekee darasani kwangu, akawajibu kwamba cherehani zinajua kuhama, ila kwanza hupenda kushona midomo ya watu. Nikamkaripia. Kisha nikaingiza kichwa kabatini nikacheka.

Mtihani wa cheti cha ushonaji ni mwezi wa sita. Wa kwao ni wa saba. Bila cheti, hakuna karakana ya maana itakayowaangalia watoto hawa mara mbili. Sasa kwa nini kimya cha wale kiwe kizito kuliko kelele zetu?

Alhamisi, 24 Aprili

Msaidizi wa Mkuu, Bwana Lo, ametumwa kuchukua ufunguo. Mke wake alikuwa mwanafunzi wangu. Alisimama mlangoni akikuna shingo. Nikamwambia ufunguo uko kifuani mwangu, na kama Mkuu ameagiza ufuatwe huko, aje mwenyewe aseme mbele ya watu. Lo akawa mwekundu hadi masikioni, akageuka kuondoka — na pindo la suruali limefumuka, linaburuta. Nikamwita arudi, nikamshonea.

Vita ni vita. Lakini mtu hawezi kutembea vile.

Ijumaa, 25 Aprili

Mzee Kan, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, amekuja kunywa chai. Mwaka juzi darasa langu lilimshonea Mungu-Mama, sanamu ya hekalu letu, mavazi mapya ya maandamano, joka la nyuzi za dhahabu mgongoni, na kamati ikatupa viyoyozi viwili kama shukrani. Sasa mjukuu wake, Po-han, ni wa juu. Aliisifu chai, akawasifu watoto, halafu akashusha mzigo wake. Eti mtoto akisoma kwenye joto, ubongo unayeyuka.

Nikamuuliza, na hawa wanaoshona, wao wana mawe kichwani?

Alicheka, akanipigapiga mkono. Nikadhani nimeshinda.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikushinda. Vijana wawili wa hekalu wamekuja na ngazi, wameng'oa viyoyozi kwa adabu kubwa, wakiomba radhi kwa kila skrubu. Vimepelekwa ghorofa ya tatu. Tumebaki na mashimo mawili ukutani. Hung-ju ameyaziba kwa mabaki ya kitambaa chekundu cha Mungu-Mama. Joto la kuivisha ndizi. Jasho linadondokea kola za mashati ya mazoezi, kola zinaingia madoa, tunafua, tunaanza upya. Hakuna aliyeomba kutoka.

Mama, akimenya chipukizi za mianzi jioni, amesema mimi ni mkaidi kama nyati wa marehemu baba. Nikifukuzwa kazi, angalau nitapata nafasi ya kumrekebishia suruali zake.

Jumanne, 29 Aprili

Leo umeme. Cherehani zote zimenyamaza kwa pamoja, katikati ya mshono. Swichi ya chumba chetu iko ofisini. Mkuu kasema ni matengenezo. Jiko lina umeme, ghorofa ya tatu ina umeme, hata tangi la samaki la Mkuu lina umeme!

Su-lan, mmoja wa wanafunzi wangu, alianza kulia. Nikamwambia alie baadaye, sasa atoe sindano ya mkono.

Jumatano, 30 Aprili

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Baba yake Su-lan ameingia getini na lori la kabichi, na ndani yake, badala ya kabichi, cherehani za kukanyaga za mabibi wa mji mzima. Nyeusi, nzito, zina maua ya dhahabu yaliyofutika. Bibi mmoja amekuja na yake, hataki kuiacha na watu asiowajua. Amekaa siku nzima akiwafokea watoto: kanyaga sawa, huendeshi baiskeli.

Kelele! Mara tatu ya zile za umeme. Wa juu wakachungulia kutoka barazani kwao. Mkuu naye akachungulia. Nikampungia mkono.

Ila najua, na watoto wanajua: kwenye mtihani watawekewa za umeme, zenye kasi. Hizi zinatunza heshima, hazitoi cheti.

Ijumaa, 2 Mei

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Pei-chun alibaki baada ya kipindi. Pei-chun ndiye mkono wangu wa kulia. Zipu iliyofichwa anaiweka huku anaangalia pembeni. Akaniambia anataka kufanya mtihani wa chuo kikuu. Amekuwa akisoma vitabu vya zamani vya binamu yake, lakini hisabati inamshinda mahali fulani na hakuna wa kumuuliza. Anataka kuingia vipindi vya Mwalimu Yen, juu.

Mimi nimekaa kwenye joto, bila umeme, ufunguo unanichubua kifua, na mwanafunzi wangu bora anataka kwenda kwao! Nikamwambia: basi unatuacha.

Hakuinua sauti. Akasema, "Nani kasema naacha, Mwalimu? Cheti nakitaka, na chuo nakitaka. Unakipigania chumba hiki kana kwamba na sisi ni cherehani, tunakaa pale tulipowekwa."

Nikamwambia afunge madirisha, mvua inakuja. Hakukuwa na mvua yoyote.

Nimenunua tofu, ile jibini ya soya, njiani nikaiacha dukani. Mama amekula wali na mboga za chumvi bila kuniuliza kitu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Kusema kweli, miaka yote hii nimewakasirikia wanaotuita wa chini. Sijawahi hata mara moja kumuuliza mtoto wangu kama anataka kupanda.

Nimemfuata Yen kwenye bustani yake ya mapapai. Nikamweleza. Akakohoa. Akasema mlango wa darasa lake hauna kufuli, akija atafanya majaribio kama wengine, akifeli amefeli. Nikamwambia ndivyo hasa anavyotaka. Akanipa papai. Kumbe kikohozi kile kilikuwa cha upande wetu, au angalau hakikuwa cha upande wao.

Jumatatu, 5 Mei

Ofisini kwa Mkuu, mimi na Pei-chun.

Niandike haki: Tsao si mtu mbaya. Alinieleza bila kutabasamu, na asipotabasamu anasikilizika. Watoto wa mji wanapungua. Wazazi wenye uwezo wanawapeleka jijini. Wasipopatikana wachache wa kuingia chuo chenye jina, baada ya miaka miwili shule itafungwa, na cherehani zangu pamoja nayo. Huenda yuko sahihi. Nikamwambia huenda yuko sahihi, na chumba sitoi.

Kuhusu Pei-chun akasema achague. Kama ni wa juu, apande moja kwa moja, aache ushonaji. Kama ni wa chini, abaki. Mshika mbili moja humponyoka.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Pei-chun akanitangulia.

"Bwana Mkuu, kwenye cherehani ya kukanyaga, mkono mmoja unashika kitambaa, wa pili uko kwenye gurudumu. Ukiachia mmoja ndipo unapoharibu nguo. Mimi sichagui."

Mkuu aliwatupia samaki wake chakula. Kisha akasema keshokutwa fundi atabadilisha kufuli la chumba, na mwanafunzi wa ufundi atakayeonekana ghorofa ya tatu wakati wa vipindi atahesabiwa mtoro.

Kwenye ngazi Pei-chun alikuwa anauliza kama kesho kipindi cha Yen ni cha kwanza au cha pili.

Jumanne, 6 Mei

Pei-chun kapanda. Kakaa nyuma. Kipindi kilipoisha, wa juu walimuuliza kama amekuja kupima mapazia. Akawaambia hapana, amekuja kupima vichwa, na vingine ni vidogo. Kahesabiwa mtoro. Mchana kashona kola mbili, safi.

Jumatano, 7 Mei

Naandika nikiwa ndani, juu ya meza ya kukatia. Tumeingia alfajiri, nimefunga kwa ndani, ufunguo nimeuacha kwenye tundu na kuuzungusha nusu, ili mwingine usiingie kwa nje. Madirisha wazi, cherehani zinakwenda. Bibi yule naye yumo, kaja na maandazi ya mvuke ya kutosha jeshi.

Fundi kufuli amefika. Ni kijana wa mtaani kwetu, mama yake namshonea kila mwaka mpya. Ameangalia kufuli, amekunywa chai, ameangalia kufuli tena, kasema ni gumu la kizamani. Mkuu amesimama juani, koti mkononi. Lo yuko nyuma yake, anatazama viatu.

Hung-ju, niliyemtuma juu akaangalie, kaja dirishani anahema. Kule wamemwondolea Pei-chun kiti. Amesimama ukutani kipindi kizima, daftari mkononi, watu wanacheka. Yen kaingia, kakohoa, kasema kwa kuwa kuna mtu ameshasimama, basi aje ubaoni. Wameacha kucheka. Anakokotoa. Kakosea mstari wa pili, kafuta, kaanza tena. Hung-ju hakungoja kuona mwisho, nimemrudisha akaone.

Keekee ya fundi, ya kutoboa kufuli, imeanza kulia mlangoni. Vumbi la chuma linaanguka sakafuni, upande wetu. Su-lan kainua mguu kwenye kanyagio, kanigeukia, anauliza sasa tufanye nini, Mwalimu.

Nimemwambia mkono wa kushoto wa shati bado haujaunganishwa. Kanyaga.