Mvule Jike wa Bondeni

Nyumba Na. 6,
Nyuma ya karakana ya mbao,
17 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakujulia hali, niruhusu nitue mzigo: nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nisipolitaja mwanzoni nitaishia kukuandikia habari za mvua. Unanijua.

Sasa shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu utolewe plasta? Mjomba bado anakupikia ule uji wake wa majimaji? Sisi wazima. Wifi yako anasema barua zako ni fupi kama risiti. Kaka yako bado anakata miti, na bado haongei.

Unalikumbuka bonde la nyuma ya shule? Mivule mikubwa imebaki minne tu, pale karibu na kijito ambapo udongo haukauki. Shule imepewa kibali cha kukata mmoja, tupate madawati. Bwana Misitu alikuja kutueleza jambo nililokuwa nimelisoma tu kitabuni: mvule una dume na jike. Dume hutoa maua marefu yanayoning'inia kama mikia. Jike huzaa matunda ya kijani, mfano wa viwavi wanene, na popo huyala wakasambaza mbegu mbali. Katika ile minne, jike ni mmoja. Ukikatwa huo, bonde halina mbegu tena.

Kwa kuwa darasani naitwa Profesa, nikapewa kopo la rangi nyekundu nitie alama dume la kukatwa. Darubini alikuwa nayo kiranja wetu, nami niliona haya kumwomba. Basi badala ya kutazama juu, nikatazama chini. Mikia mikavu ilikuwa imetapakaa shinani. Nikajua ni dume, nikauzungushia rangi.

Kesho yake, Jumatano, nikiosha viatu, nikakuta tunda limegandamana kwenye soli, laini, lina mbegu ndani. Dume halizai, Shangazi, na siku ile sikukanyaga chini ya mti mwingine. Matawi ya miti miwili yamepandana kule juu. Ile mikia myepesi ilipeperushwa kutoka kwa jirani; tunda zito huanguka chini ya mamaye.

Ukataji ulikuwa Jumamosi, na mkataji ni Baba. Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza. Ijumaa Baba aliniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu. Wote wanadhani niligundua asubuhi ile ile.

Jumamosi Baba alikwisha vaa kofia yake ngumu na kuwasha msumeno wa mashine. Sijui miguu ilinifikishaje. Nilisimama mbele ya shina, akauzima.

"Baba, huu ni jike."

"Nani kasema?"

"Mimi. Na rangi ni mimi niliyetia."

Bwana Misitu akachukua darubini, akatazama juu mpaka shingo ikamchosha, kisha akasema mtoto yuko sahihi. Mshika kamba wa Baba, yule mwenye maneno mengi, akaniambia, "Profesa, siku ya harusi yako tutakuja na darubini, usije ukakosea bwana." Watu wakacheka. Hata mimi.

Baba hakucheka. Aliniwekea mkono kichwani, akasema polepole, "Ungeanguka huu, ningeusimamishaje tena?" Lakini mkono hakuuondoa upesi.

Dume la pembeni likakatwa mchana. Usiku ule nililala fofofo, hadi Mama akaja kunipapasa kama nina homa. Sikuwa na chochote. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Mjomba na mapacha wenu wafikishie salamu zangu. Bibi anasema ukipata likizo usipite kwingine kabla ya kwake.

Nilifika hapo nikaiacha barua mezani, nikaenda karakanani. Baba alikuwa ananoa meno ya msumeno. Nikamwambia kwamba nilijua tangu Jumatano. Akanoa meno mawili, matatu, bila kuinua uso, kisha akaniambia nimshikie mnyororo wa msumeno usiteleze. Nikaushika mpaka akamaliza.

Mungu auimarishe mguu wako, akulinde huko uliko.

Wako akupendaye daima,
Binti wa kaka yako